Mfuko wa plastiki si chujio: masahihisho ya jaribio la watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jaribio la sayansi lililotokea hivi karibuni katika ukurasa wa watoto wa gazeti lako. Wasomaji watalikumbuka: maji ya wanga hutiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, mfuko hufungwa barabara na kusuuzwa nje, kisha huzamishwa katika bilauri ya maji yaliyotiwa matone kadhaa ya iodini. Baada ya muda, wanga uliokuwa mweupe huanza kugeuka buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, ilhali maji ya nje hubaki na rangi yake ya hudhurungi, nayo hufifia kidogo kidogo. Ni jaribio zuri. Vifaa vyake ni vichache, matokeo yake huonekana kwa macho, na mtoto hahitaji kubembelezwa akubali kwamba kitu kimevuka kutoka upande mmoja wa utando kwenda upande wa pili.

Ugomvi wangu ni na sentensi moja tu ya maelezo yaliyofuata, ile inayosema kwamba mfuko wa plastiki una vitundu visivyoonekana, vinavyoruhusu molekuli ndogo za iodini kupita na kuzizuia molekuli kubwa za wanga, kama chujio linavyozuia makapi. Si gazeti lako lililoitunga sentensi hiyo. Imo katika miongozo mingi ya majaribio ya watoto, na aghalabu kila anayeiandika humnakili aliyemtangulia. Ubaya wake ni kwamba inaridhisha upesi mno. Mtoto huikubali, mwalimu huendelea na somo jingine, na lile ambalo jaribio lingeweza kulifundisha hupita bila kuguswa.

Tuulize swali ambalo mtoto mdadisi angeliuliza kama angepewa nafasi: je, maji? Molekuli ya maji ni ndogo kuliko ya iodini, na tofauti yake si ya kubahatisha: uzito wa molekuli ya maji ni 18 na wa molekuli ya iodini ni 254, yaani ya iodini inaizidi ya maji zaidi ya mara 14. Ikiwa mfuko una vitundu vinavyotosha kupitisha iodini, basi maji yangepaswa kuvuja humo bila kizuizi chochote, na mfuko huo usingefaa kubebea hata tone moja. Lakini mfuko mzima ukijazwa maji na kutundikwa usiku kucha, asubuhi hukutwa umejaa vilevile na sakafu ni kavu. Chumvi nayo inatoa ushahidi uleule. Ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloraidi, ambazo kila moja ni ndogo kuliko molekuli ya iodini, na bado maji ya chumvi yakifungwa katika mfuko kama huo hayapitishi chumvi hiyo nje. Maelezo ya chujio yanaeleza vizuri kwa nini wanga umebaki ndani, lakini yanashindwa kabisa kueleza kwa nini maji na chumvi vimebaki, na maelezo yanayofaulu kwa kitu kimoja na kuanguka kwa viwili yanastahili kuachwa.

Jibu ni kwamba iodini haipiti katika vitundu. Inayeyuka ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki inayotumika sana kutengenezea mifuko hiyo ni polietilini, ambayo ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni iliyosokotana, na kwa asili yake ya kikemia ni ndugu wa karibu wa nta ya parafini inayotengenezewa mishumaa. Minyororo hiyo haikutulia. Hutikisika muda wote, na nafasi ndogo ndogo huzuka kati yake na kutoweka papo hapo, bila tundu lolote la kudumu. Molekuli ya iodini inayogusa uso wa plastiki huweza kuingia katikati ya minyororo hiyo, ikajongea kutoka nafasi moja hadi nyingine, na hatimaye ikatokea upande wa pili. Maji hayafanyi hivyo isipokuwa kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu na hazina mvuto wowote wa maana kwa kitu chenye asili ya nta. Kinachoamua nani apite, basi, ni kama kitu hicho kinayeyuka katika utando wenyewe. Ukubwa wa molekuli una sehemu yake pia, maana huathiri kasi ya kujongea, lakini katika mfuko huu haukuwa mwamuzi wa kwanza.

Jambo hili halihitaji kuaminiwa kwa sababu mwalimu amelisema. Mtoto anaweza kulithibitisha katika chupa ndogo yenye kifuniko, na kwa maoni yangu hapa ndipo ukurasa wako ulipokosa fursa kubwa. Achukue maji yenye iodini, aongeze juu yake mafuta meupe ya kupaka watoto wachanga, yale yaliyotengenezwa kwa parafini, afunge chupa, aitikise, kisha aiache itulie. Mafuta yatapanda juu kama kawaida, lakini hayatakuwa meupe tena: yatakuwa yamechukua rangi ya waridi au zambarau, na maji chini yatakuwa yamepauka. Iodini imehama. Maji safi hayaiyeyushi iodini vizuri, kwani lita moja kwa joto la kawaida hushika takriban gramu 0.3 tu, na ndiyo maana watengenezaji wa myeyuko wa iodini huongeza iodidi ya potasiamu ili iyeyuke zaidi. Mtoto akirudia kwa maji yenye rangi ya chakula badala ya iodini, mafuta yatabaki meupe, kwa kuwa rangi hizo nyingi huyeyuka majini na si katika mafuta. Akiweka rangi hiyohiyo ndani ya mfuko wa plastiki, haitatoka. Hapo atakuwa amejipatia kanuni kwa mikono yake mwenyewe: kinachohamia kwenye mafuta ndicho kinachotazamiwa kuvuka plastiki.

Kwa nini nalikazania jambo linaloweza kuonekana dogo? Kwa sababu jaribio hili hutumika, hata katika maelezo yenu, kama mfano wa utando wa seli, na mwanafunzi anayeondoka na wazo la vitundu atakwama miaka michache baadaye atakapofundishwa seli yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Ernest Overton alipopima vitu vingi kuona ni vipi vinavyoingia haraka katika seli hai, aligundua kwamba vile vinavyoyeyuka katika mafuta ndivyo vilivyoingia kwa wepesi, akahitimisha kwamba seli imezungukwa na kitu chenye asili ya mafuta. Mwaka 1925 wanasayansi Gorter na Grendel, wakifanya kazi na chembe nyekundu za damu, walipendekeza kwamba utando huo ni tabaka mbili za molekuli za mafuta zilizopangwa mgongo kwa mgongo. Oksijeni, kaboni dayoksaidi na alkoholi huvuka tabaka hizo bila msaada. Ioni ya sodiamu, ambayo ni ndogo sana, haivuki kwa njia hiyo, bali hupitishwa na protini maalumu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba vidogo hupita na vikubwa huzuiwa atauona mwenendo wa sodiamu kama fumbo. Aliyefanya jaribio la mafuta ataona ni jambo alilolitarajia.

Maji katika seli yana kisa chake. Baadhi hupenya tabaka za mafuta polepole, lakini seli nyingi hupitisha maji kwa wingi kuliko ambavyo mafuta pekee yangeruhusu, na njia hiyo ilibaki kuwa mjadala wa muda mrefu hadi Peter Agre na wenzake walipoonyesha mwaka 1992 kwamba protini moja katika utando wa chembe nyekundu za damu ni mfereji wa maji. Agre alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Utando wa seli una mifereji, kwa hiyo, lakini ni mifereji inayochagua, na kuiita vitundu vya chujio ni kuipunja.

Sisemi kwamba hakuna utando unaochuja kwa ukubwa. Upo, na watoto wanapaswa kuuona pia, maana tofauti baina ya aina hizi mbili ndiyo yenye mafunzo. Selofani ni mfano mzuri. Imetengenezwa kwa selulosi, hulowana na kuvimba majini, na maji yaliyomo ndani yake huwa njia ya vitu vidogo vilivyoyeyuka; glukosi hupita, chumvi hupita, wanga hukwama. Daktari Willem Kolff aliitumia hiyohiyo huko Uholanzi mwaka 1943 alipotengeneza mojawapo ya mashine za kwanza za kusafisha damu zilizotumika kwa wagonjwa: mirija ya selofani iliyokusudiwa kufungia soseji, ikizungushwa ndani ya beseni la maji yenye chumvi, ikapitisha urea, ambayo ni taka ya mwili, kutoka katika damu na kuzibakiza chembe za damu na protini. Mgonjwa wa kwanza kupona kwa msaada wa mashine hiyo alipona mwaka 1945, baada ya wengine kadhaa kutibiwa bila mafanikio. Kama ukurasa wenu ungetumia mrija wa selofani badala ya mfuko wa plastiki, maelezo ya ukubwa yangefaa karibu yote, na nisingeandika barua hii.

Yai lililovuliwa ganda kwa siki ni la upande huohuo wa selofani. Siki huyeyusha kalsiamu kaboneti ya ganda kwa siku moja au mbili, huku mapovu ya kaboni dayoksaidi yakitoka, na kinachobaki ni yai laini lililoshikwa na utando wa nyuzi za protini. Likiwekwa katika maji matupu huvimba, na likihamishiwa katika shira nzito hunywea, kwa kuwa maji huvuka utando huo lakini protini kubwa za ute haziwezi kutoka. Jean-Antoine Nollet aliona jambo la namna hiyo mwaka 1748 alipofunika chupa ya spiriti kwa kibofu cha nguruwe na kuizamisha majini: kibofu kilituna kwa maji yaliyoingia. Mtoto mwenye yai na mfuko mezani kwa wakati mmoja ana tando mbili zinazofanya kazi kwa namna mbili, na atakuwa na la kulinganisha.

Naongeza jaribio moja ambalo nashangaa kwamba halionekani mara nyingi katika kurasa za watoto. Chukua maputo mawili yanayofanana ya mpira. Moja lijazwe hewa kwa pampu, wala si kwa mdomo, kwa sababu pumzi yetu ina kaboni dayoksaidi. La pili lijazwe kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye chupa iliyochanganywa siki na bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia unga. Gramu 10 za bikaboneti na mililita 200 za siki ya kawaida zitatoa lita mbili hivi za gesi. Yafungwe yakiwa na mzunguko ulio sawa, upimwe kwa uzi, kisha yaachwe mahali pamoja na kupimwa tena baada ya saa kadhaa na kesho yake. Lenye kaboni dayoksaidi litanywea upesi zaidi kwa tofauti isiyohitaji darubini. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ina uzito wa 44, nzito kuliko naitrojeni yenye 28 na oksijeni yenye 32, na bado ndiyo inayovuka mpira kwa kasi, kwa sababu huyeyuka ndani ya mpira zaidi yao. John Kearsley Mitchell, daktari wa Philadelphia, aliandika kuhusu gesi zinazopenya maputo ya mpira mwaka 1831, na Thomas Graham mwaka 1866 akaeleza kwamba gesi huyeyuka katika mpira upande mmoja na kutoka upande wa pili. Katika mapafu yetu pia kaboni dayoksaidi huvuka utando wa vifuko vya hewa takriban mara 20 kwa wepesi kuliko oksijeni, ingawa ni nzito zaidi, kwa kuwa huyeyuka kwa wingi zaidi katika majimaji ya utando huo.

Kuna neno jingine katika maelezo yenu ambalo ningependa liondolewe, ingawa hili ni dogo. Iliandikwa kwamba iodini huufuata wanga ndani ya mfuko. Haifuati chochote. Molekuli zilizo katika kimiminika hugongana na kutangatanga ovyo, mwendo ambao Robert Brown aliuona mwaka 1827 kupitia chembe ndogo zilizotoka katika chavua, na ambao Einstein aliueleza kihesabu mwaka 1905. Iodini huingia katika mfuko na iodini hutoka. Zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka kwa sababu nje zimejaa zaidi, basi. Wanga huongeza jambo moja: ukishika iodini iliyoingia, iodini iliyo huru ndani hubaki kidogo, na kwa hiyo usambaaji unaendelea kuelemea upande mmoja kwa muda mrefu zaidi. Mfuko wa pili wenye maji matupu, uliozamishwa katika bilauri nyingine ya iodini, utaonyesha kwamba iodini huingia hata pasipo wanga, kwani maji ya ndani yatapata umanjano taratibu.

Najua wapo watakaosema kwamba watoto wa umri huo hawawezi kubeba habari za kuyeyuka ndani ya plastiki, na kwamba chujio ni mfano unaowatosha. Siafiki. Sentensi isemayo kuwa iodini huyeyuka katika plastiki kama inavyoyeyuka katika mafuta, na maji hayayeyuki humo, si ndefu kuliko ile ya vitundu na haina neno gumu zaidi. Mtoto ambaye ameona mafuta yakigeuka zambarau hana shida nayo. Anayepata shida ni mtu mzima aliyezoea ile ya zamani.

Iwapo utaona vema kulirudia jaribio katika toleo lijalo, ningeomba pia yaongezwe mambo yatakayomwezesha mtoto kuyaamini matokeo yake. Mfuko wenye tundu halisi, hata la sindano, utaharibu kila kitu, kwa hiyo ujaribiwe kwanza kwa kujazwa maji na kubinywa juu ya karatasi kavu. Baada ya kufunga mfuko wa wanga, nje usuuzwe kwa maji mengi, la sivyo wanga uliobaki mkononi au kwenye fundo utayafanya maji ya nje yawe ya buluu na mtoto atadhani wanga umetoka. Jaribio ligeuzwe vilevile, iodini iwe ndani na wanga nje, ili aone rangi ikizuka upande wa pili. Maji ya uvuguvugu huharakisha mambo. Yanayochemka hayatakiwi, kwani hayaongezi maarifa yoyote na huunguza.

Kuhusu usalama, maelezo yenu yalikuwa mafupi kupita kiasi. Iodini ni sumu ikimezwa, huwasha macho, na ile iliyoyeyushwa katika spiriti hushika moto, kwa hiyo mtu mzima ndiye anayepaswa kushika chupa na kudondosha matone, na hakuna chochote kilichotumika mezani hapo kinachopaswa kuonjwa, likiwemo yai la siki. Doa la iodini kwenye nguo huondoka likipakwa maji yaliyoyeyushiwa kidonge cha vitamini C, jambo ambalo watoto hulifurahia karibu sawa na jaribio lenyewe.

Ombi langu la mwisho linahusu mpangilio wa ukurasa. Maelezo yasichapishwe siku moja na jaribio. Toeni jaribio la mfuko pamoja na la chupa ya mafuta, kisha wekeni swali moja chini yake: kwa nini iodini imevuka plastiki na maji, yaliyo madogo zaidi, hayakuvuka? Waalikeni watoto watume majibu yao na michoro ya kile wanachofikiri kinatendeka ndani ya plastiki, na wiki inayofuata mchapishe michoro kadhaa, iliyo sahihi na isiyo sahihi, kabla ya kutoa jibu.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi